Blada ya kaiti nimeitoa bila kufunga kamba. Inarudije ndani?

piroge_himbi (Goma)

Habari zenu wote. Niko Goma, Himbi, chini kule karibu na maji. Kazi yangu ni piroge, yaani mitumbwi: ninazo mbili za kukodisha, na za wenzangu zikitoboka mimi ndiye naziziba. Naandika hapa kwa sababu mji mzima sijaona mtu mwingine mwenye chombo hiki nilicho nacho, na kwado, fundi wetu wa kuziba tairi, niliyemtegemea ameshindwa.

Chombo chenyewe ni kaiti, yaani tiara kubwa ya kuvutwa nayo juu ya ziwa ukiwa umesimama kwenye ubao. Yangu ni ya mita 12 za mraba. Niliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa anafanya kazi hapa, siku anafunga mizigo. Alikuwa amenifundisha viangazi viwili, kuanzia Juni, upepo unapoanza kuja mchana. Akaniambia hii kule kwetu imeshachakaa, haina bei, kaa nayo. Akaniachia ubao, pampu na mkanda wa kiunoni wenye ndoano.

Kwa wasioijua: ukingo wa mbele ni bomba nene unalolijaza hewa, na kutoka kwenye bomba hilo zinatoka mbavu tano nyembamba kwenda nyuma, nazo zinajazwa. Ganda la nje ni kitambaa kigumu kisichovutika. Ndani yake mna blada, plastiki laini nyembamba yenye valvu, kama ilivyo blada ndani ya mpira wa ngozi.

Jumamosi nilishuka vibaya. Ufuo wetu wote ni mawe meusi ya volkano, na anayeyajua mawe ya Goma anajua yanavyomaliza ndala. Bomba likaburuzwa juu ya jiwe hatua kama tatu. Kitambaa kilichanika kidogo tu, urefu wa njiti ya kiberiti, lakini ndani nikasikia sss. Kufika nyumbani bomba limelala kama mlevi.

Nikafungua zipu pale katikati nikaichomoa blada. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo: nilivuta tu, mkono kwa mkono, kama unavyovuta utumbo wa mbuzi, mpaka ncha zote mbili zikatoka. Nikaijaza, nikaizamisha kipande kwa kipande kwenye basini. Maji ni ya kununua kwa bidoni (dumu), kwa hiyo niliyarudia yaleyale mpaka yakawa meusi. Tundu nikaliona, upande wa kushoto, viputo vinapanda mstari mmoja kama shanga. Nikapeleka kwa kwado. Akapiga msasa, akapaka solisheni, akabandika kiraka cha tairi, akakigonga nyundo. Jioni kiraka kilibanduka chote kama ganda la ndizi mbivu. Hakikuacha hata alama.

Sasa ninauliza: gundi gani inashika plastiki hii? Na lingine, ambalo ndilo linaninyima usingizi: blada ina karibu mita nane, na ganda lake ni soksi ndefu iliyopinda kama mwezi mchanga. Nimejaribu kusukuma kwa mwanzi, umekwama kwenye pindo. Inarudije?

salama_tu (Goma)

Mzee wa piroge, kitambaa cha mita 12 ungewapa mama zetu wa soko la Virunga wafunikie mboga mvua ikija. Halafu unapojaza hiyo hewa angalia usije ukapampu mazuku 😂

Kwa walio mbali, mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu, nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia mabondeni na inaua mbuzi na watu. Jibu sina, niko nafuatilia tu.

fundi_kusi (Paje, Unguja)

Kaka wa Goma, pole sana. Mimi nipo Paje, kazi yangu kuziba na kushona kaiti. Kusi likiingia Juni meza yangu haionekani kwa mizigo mpaka Septemba, na kaskazi likija Desemba tunaanza tena. Hayo yaliyokukuta yalinikuta mwaka wangu wa kwanza, na kaiti haikuwa yangu.

Kwado wako msamehe. Tyubu ya tairi ni mpira, na solisheni imetengenezwa iumane na mpira. Blada ya kaiti ni plastiki ya polyurethane, tunaiita TPU, na hapo solisheni haina cha kuumana nacho, inakaa juu tu kama uji uliokauka kwenye sahani. Gundi ya njano ya mafundi viatu utaiona imeshika siku mbili, jua likipiga inateleza. Supagluu ndiyo usiiguse kabisa: inakauka ngumu kama kioo, ukiikunja blada inakatika pembeni ya gundi, tundu la sindano linakuwa mpasuko. Unachotaka ni gundi ya urethane, ile wanayozibia mahema na suti za kuzamia. Seam Grip ni mojawapo. Au viraka vya TPU vya kubandika. Mtu akikuletea viraka vya Tear-Aid, mwambie aina A. Aina B ni ya vinyl, ya mabwawa ya watoto, kwako haifai.

Lakini kabla hujaagiza kitu pekua mifuko midogo ya begi la kaiti, hata ile unayodhani ni ya urembo. Kaiti nyingi zinatoka dukani na bahasha ya viraka, na wenyewe hawana habari nayo.

Kuziba: ijaze kidogo, zungushia tundu duara kwa kalamu ya wino usiofutika, na duara liwe pana kuliko kiraka, kwa sababu hewa ikishatoka tundu hulioni tena, na spiriti itafuta wino wowote utakaopitiwa. Toa hewa. Laza juu ya meza, usifanyie gotini. Safisha kwa spiriti, ukishasafisha usipaguse tena, kidole kina mafuta hata kama umenawa. Kiraka kikate mviringo, chenye kona huanzia kubanduka konani. Gundi iwe nyembamba. Sugua kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje, weka mfuko wa nailoni juu, kitabu kizito juu ya nailoni, kaa masaa 24. Wageni hunijia baada ya masaa matatu, "fundi, upepo upo". Nawajibu upepo ni wa Mungu, hauondoki leo.

Ukishaziba, tafuta tundu la pili. Jiwe likiburuza haliishii kutoboa mara moja. Na ganda likung'ute vizuri, pitisha mkono ndani palipochanika, maana kipande cha jiwe kikibaki humo kitakutoboa jioni ileile.

Sasa kamba. Sisi tunafunga uzi kwenye ncha mbili za blada kabla ya kuivuta, ili ikitoka iache uzi ndani ya ganda. Wewe umeshakosa, basi tumia uzito. Ning'iniza ganda, katikati iwe juu na ncha iwe chini. Ncha ifungue, utakuta velkro au kamba iliyokunjwa ndani. Chukua kitu kizito kisicho na kona, kivishe soksi, kifunge uzi mrefu, kidondoshe kutoka kwenye zipu. Kikishuka mpaka ncha una uzi wako. Upande wa pili vivyo hivyo. Mwanzi utupe, utachana mishono.

Blada ikirudi isiwe na hewa hata pumzi moja. Ikunje kwa urefu iwe nyembamba, ipake poda ya mtoto, ifunge kwenye uzi kwa fundo lisilo na nundu. Mmoja avute kwenye ncha, mwingine alishe kwenye zipu. Ikikataa usishindane nayo, rudisha nyuma kidogo. Valvu zote zikae kwenye matundu yake, ya kujazia, ya kutolea na zile za mirija inayopeleka hewa kwenye mbavu. Kisha hewa kidogo sana, halafu papasa bomba zima kwa mikono miwili. Palipojisokota utapasikia kama mshipa.

Hapo usifanye haraka, nakuomba. Blada imekatwa makusudi iwe pana kidogo kuliko ganda. Ganda ndilo linalobeba mgandamizo, kazi ya blada ni kuzuia hewa isitoke, basi. Ikijisokota mahali haitanuki ikalifikia ganda, inabeba peke yake, na haiwezi. Inapasuka kwa kishindo, kuku wote wa mtaa wanaruka ukuta.

kwado_zamani (Goma)

Mie niko kwado Birere tangu kabla ya lava ya volkano ya 2002, si mimi niliyekuzibia lakini nasema kwa ajili ya kazi. Mtu akileta kitu kinachojaa upepo, kwado anaziba. Hatuulizi kama kimetoka Ulaya. Hata jukwaa la watoto la kurukia nimeziba, la mtu wa harusi.

Swali langu kwa huyu wa Zanzibar: sisi tuko na mashine ya moto, ile ya kubana kiraka kwenye tyubu. Hiyo plastiki haipikwi?

fundi_kusi (Paje, Unguja)

Mzee, shikamoo. Inapikwa, lakini si kwa mashine ile. Moto wake ni wa kuivisha mpira, TPU itageuka supu. Mimi mpasuko mrefu kwenye mshono wa blada huwa naubana kwa pasi, katikati ya karatasi mbili za kuokea mikate, moto mdogo, na kwanza najaribu kwenye blada mbovu. Niliunguza tatu kabla mkono haujazoea. Kwa tundu la sindano gundi inatosha.

kwado_zamani (Goma)

Marahaba. Basi mwenzangu angemwambia mteja ukweli kwamba hajui. Nitamtafuta.

mpira_kadutu (Bukavu)

Nimecheka hapo kwenye utumbo wa mbuzi. Mimi nashona mipira ya ngozi huku Kadutu, kaiti sijawahi kushika, ila blada ni blada na kuna kitu hamjakitaja: ule mchaniko wa kitambaa. Usipoushona, blada itatokeza pale kama kitovu na itapasuka, hata iwe mpya.

Ushone KABLA hujarudisha blada. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu kuna fundi, jina silitaji, alipokea mpira wa timu ya vijana wetu akashona na blada ndani, akaitoboa mara saba, akaturudishia akisema mpira ulikuwa mbovu tangu zamani. Kwenye mpira mshono wa mwisho huna budi kuushona blada ikiwa ndani, na hapo mimi naingiza kijiko chini ya ngozi, sindano inagonga kijiko. Wewe una bahati, ganda lako liko tupu.

Uzi uwe wa polista, wa pamba utaoza na maji. Sindano nyembamba. Kama kuna matundu ya zamani ya mshono, pitia mulemule, kila tundu jipya ni njia ya kuchanika.

piroge_himbi (Goma)

Aksanti sana wote. Nimepekua begi. Kwenye mfuko ambao miaka yote nilijua ni wa kuwekea miwani nimekuta bahasha: karatasi ya viraka vya plastiki angavu, kipande cha kitambaa cha kaiti, na chini kabisa tyubu ndogo ya gundi haijafunguliwa, imeandikwa urethane. Yule mzungu alikuwa ananunua kila kitu na hatumii kitu.

Viraka gundi yake imekufa, nikivibandika kwenye kucha vinaanguka. Je, naweza kuisugua ile gundi iliyokufa kwa spiriti halafu nikatumia plastiki yenyewe na gundi ya tyubu?

fundi_kusi (Paje, Unguja)

Ndiyo, hiyo ni plastiki ileile. Sugua mpaka isinatenate. Na angalia blada yenyewe: ikiwa imekuwa ya manjano na inanata kama peremende iliyoshikwa na mtoto, basi imeoza kwa kuhifadhiwa mbichi, na kuiziba ni kujitafutia kazi ya kila wiki.

Halafu kitu kimoja kabla sijasahau. Ziwa lenu lipo juu, mita 1,460 toka usawa wa bahari, na hewa yenu ni nyepesi, kama asilimia 14 pungufu ya hii ya kwetu. Mita 12 yako inavuta kama mita 10 yangu. Usije ukadhani kiraka ndicho kimeipunguzia nguvu. Saa ya pampu haijali hilo, psi 6 ni psi 6, inapima tofauti ya mgandamizo wa ndani na nje.

Ukitoka kwenda majini banza klipu za mirija ya mbavu. Bomba la mbele likipasuka mbali, mbavu zibaki na hewa, zitakuelesha. Wale ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioandikisha kaiti ya bomba mwaka 1984, walichokuwa wanatafuta ni hicho: kaiti ikianguka majini ielee, iinuliwe tena. Bila hewa umeshika shuka lililolowa, na ziwa lenu nasikia halina chini.

salama_tu (Goma)

Chini lipo, mita mia nne na kitu. Vaa jile ya kuelea, mzee.

piroge_himbi (Goma)

Narudi na habari. Imechukua siku nne.

Blada iko meupe, hainati, nikashukuru. Tundu la pili lilikuwepo, fundi_kusi hukukosea, kiganja kimoja kutoka kwa la kwanza, dogo mpaka kwenye basini lilikuwa linatoa kiputo kimoja, unahesabu mpaka kumi na mbili, ndipo kinakuja kingine. Hilo nililipaka tone la gundi tu. La kwanza nikaliwekea kiraka. Juu nikaweka nailoni, juu ya nailoni Biblia ya mke wangu na juu ya Biblia jiwe la kusagia pilipili. Mke wangu aliliondoa jiwe juu ya Biblia, akaweka bidoni ya lita 20 badala yake, sijui hiyo ina heshima gani zaidi.

Ganda nilipolikung'uta lilitoka changarawe nyeusi, punje tano. Moja ilikuwa na ncha kama jino la panya. Mshono nimeupeleka kwa mama mmoja anayeshona mabegi hapa Katindo, nikakaa palepale nikimtazama, uzi wa polista, kiraka cha kitambaa ndani na nje.

Uzito: nilijaribu limau, likakwama. Nikajaribu betri kubwa ya redio ndani ya soksi ya mtoto. Ganda tulilitundika kwenye mwavokado wa jirani, kijana wangu akapanda na kuishika katikati, mimi chini nimeshika ncha. Betri ikashuka nusu, ikasimama kwenye pindo, tukatikisa kama unavyotikisa mfuko wa unga, ikaja ikaniangukia mguuni. Upande wa pili ilishuka mara moja. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua wakiuliza kama tunachuna nyoka.

Kuvuta kulikwenda vizuri, poda tulitumia kopo zima. Kosa lilikuja mwisho. Nilipotia hewa kidogo na kupapasa, upande wa kulia, mita moja kutoka ncha, nikasikia ule mshipa. Nikajiambia ni mshono. Nikaongeza pampu tatu. Kijana akasema baba, mbona hapa ni pembamba? Kweli, bomba lilikuwa na kiuno kama nyigu. Nikaachia hewa yote mikono ikinitetemeka. Tukavuta ncha nje ya ganda, tukakuta blada imejizungusha mara moja kamili, nadhani wakati fundo lilipozunguka kwenye uzi. Tukaisokotoa, tukaanza tena kutoka pale. Mara ya pili bomba limenyooka lote.

Nimelijaza saa kumi jioni mpaka psi 6, nikaliacha sebuleni, limechukua nyumba nzima, watoto wamelala chini yake. Asubuhi saa kumi na mbili nikalibonyeza, limelegea kidogo. Roho ilinitoka. Huo ni uvujaji?

fundi_kusi (Paje, Unguja)

Usiku kwenu ni baridi, kaka. Hewa ikipoa inasinyaa. Usiongeze kitu, libonyeze tena mchana kukishapata joto. Na mchana huohuo usiliache limejaa juani kwenye yale mawe yenu meusi, hewa itatanuka na gundi za valvu zitalainika, utarudi hapa na swali jipya.

piroge_himbi (Goma)

Saa saba mchana: gumu kama jana. Ukilipiga kofi linalia ndu.

Swali la mwisho halafu nawaacha. Tyubu ya gundi imebaki nusu. Inakaa?

fundi_kusi (Paje, Unguja)

Ikishafunguliwa unyevu unaigandisha, wiki mbili unakuta jiwe. Kamua hewa itoke, funga kifuniko, iweke kwenye friza. Mimi yangu inakaa na pweza.

piroge_himbi (Goma)

Friza sina. Nimeipeleka kwa mama anayeuza tomsoni, samaki wa barafu, pale barabarani, akaifunga kwenye kifuko akaiweka chini ya samaki. Ameniuliza ni dawa ya nini. Nimemwambia ya tiara. Amenitazama muda mrefu, halafu akasema sawa, lakini kila wiki nitanunua kilo moja kwake.

kwado_zamani (Goma)

Mwambie aiweke upande wa kulia, yangu iko kushoto. Nimeagiza Kigali jana.